Moshi wa Juzi Asubuhi

Siku ile mliponikatia keki ya kuniaga, mmoja wenu aliniuliza kama sisi wa miaka ya tisini tulikuwa na mkakati wa kidijitali, au tulikuwa tunanunua kompyuta tu na kumwachia Mungu. Nilimjibu mdomo ukiwa umejaa, kwa hiyo jibu halikutoka vizuri. Hili ninaliandika nikiwa nyumbani kwangu Kapkatet, ng'ombe wameshakamuliwa, sina wa kunikimbiza. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini. Hayo yako kwenye faili na hayajawahi kumfundisha mtu kazi. Nitawaambia habari za kiwanda kimoja cha chai kule Kimulot, na moshi uliokaribia kukifunga.

Niliingia kampuni nikiwa mpiga chapa, na siku ya kwanza nikapelekwa chumba cha teleksi, ile mashine ya kutuma maandishi kwa waya, katika ofisi kuu ya Kericho. Dirisha lake lilitazama mashamba, chai imekatwa sawasawa kama zulia hadi pale ukungu unapoanzia. Mtawala wa chumba kile alikuwa Bi. Wanjiru. Wazazi wake walitoka Nyeri wakafungua duka la vitambaa mjini, naye akazaliwa nyuma ya duka hilo, akakua akisema Kipsigis kuwashinda baadhi yetu. Alinipa habari ya kutuma London: mvua ya mawe imepiga mashamba ya upande wa juu. Nikaandika aya nzima. Nilieleza jinsi mawe yalivyong'aa juu ya miche, jinsi majani yalivyochanika, jinsi wachumaji walivyojifunika vikapu vichwani. Bi. Wanjiru aliisoma, akavua miwani.

"Ni tamu," akasema. "Sasa huyu wa London akishaisoma, atafanya nini?"

"Atajua."

"Kujua si kufanya. Anataka kuwaambia wanunuzi wake chai itapungua kiasi gani, na mpaka lini. Mpe hiyo. Mawe yanayong'aa utaniambia mimi saa ya chai."

Saa ya chai nilimwambia, na alisikiliza mpaka mwisho. Lakini swali lake lilinibakia. Katika miaka yangu yote nimekaa kwenye mikutano mingi mirefu, ya watu wenye tai nzuri, na mara nyingi nimekuwa nikingojea mtu aliulize.

Katikati ya miaka ya tisini kompyuta zilianza kufika, zimefungwa kwenye mablanketi kama wagonjwa. Mimi ndiye niliyekuwa nimesoma kitabu chake cha maelekezo hadi ukurasa wa mwisho, basi nikaitwa mtaalamu. Muda si mrefu akaja Bwana Whitlock kutoka makao makuu ya London. Alikuwa Mwingereza mwembamba, mpole, aliyependa kutembea shambani asubuhi akirudi na suruali imelowa hadi magoti. Kampuni yetu ilikuwa na mashamba Kenya, Malawi na India, na wanunuzi kila upande wa dunia, na yeye alitumwa kuunganisha vyote hivyo kwa kompyuta. Alikuja na Mpango Mkuu. Mpango ule ulikuwa mnene kiasi kwamba katibu wake aliuwekea kikombe juu, kama meza ndogo. Nchi zote zingetumia mfumo mmoja, ungeandikwa London kwanza hadi ukamilike, kisha ungeshushwa kwetu awamu kwa awamu. Kimulot ilikuwa awamu ya mwisho.

Shida ni kwamba Kimulot haikuwa na muda wa kungojea. Mnunuzi mkubwa wa ng'ambo, aliyekuwa akichukua karibu chai yake yote, alikuwa amelalamika kwamba inanuka moshi. Akasema atavumilia mpaka msimu wa mvua uishe, baada ya hapo atatafuta kwingine. Na kampuni ikasema, mnunuzi huyo akiondoka, kiwanda kitafungwa na majani ya wakulima yatabebwa kwa malori hadi kiwanda kikubwa, mbali, kwa barabara ambayo wakati wa mvua hata ng'ombe huipita akifikiri. Majani ya chai yakikwama matopeni hupata joto na kuharibika humo humo kwenye magunia. Kwa wakulima wa Kimulot, kufungwa kwa kiwanda kulimaanisha kung'oa chai.

Meneja wa kiwanda alikuwa Koech, mzaliwa wa pale pale. Mama yake alichuma chai na kuileta kiwanda hicho hicho cha mwanawe, na karani wa mizani alimpimia kwa woga. Koech alikuwa ameshang'oa mabomba ya jiko la kukaushia, ameyakagua na kuyarudisha. Hakukuwa na tundu. Moshi ukaendelea.

Tatizo halikuwa uvivu wa mtu. Kiwanda kilituma sampuli Mombasa, kwa mwonjaji wa kampuni, zikikusanywa kwanza mpaka boksi lijae. Mwonjaji aliandika maoni, maoni yakachapwa, yakapita Nairobi, yakafika Kimulot chai hiyo ikiwa imeshanywewa na watu wa mbali. Koech alikuwa akisoma habari za chai ambayo hakuna aliyekumbuka ilitengenezwa vipi.

Katika mkutano wa Bwana Whitlock nikainua mkono.

"Kimulot haitafika awamu ya mwisho," nikasema.

"Una pendekezo gani?"

"Tuchukue kiwanda kimoja na jambo moja. Sampuli ipande basi la jioni kila siku, mwonjaji aonje, jibu lirudi kwa kompyuta siku hiyo hiyo. Kila Ijumaa tukae, tuone kimefaa nini, tubadilishe kisichofaa. Tukikosea, tumekosea wiki moja tu."

"Na mfumo wenyewe uko wapi?"

"Tutaujua tukiutumia."

Wenzangu walitazama meza. Bwana Whitlock akasema nichukue kompyuta moja na modemu moja ya kuiunganisha na laini ya simu, na nisiite kitu hicho mpango, kwa sababu mpango tayari upo.

Bi. Wanjiru nilimwomba aje nami. Alikuwa ameshasikia kwamba teleksi itaondolewa, na alipanga vitu vyake mezani kama mtu anayengojea kuambiwa ahame.

"Unanichukua kwa huruma?" akaniuliza.

"Ninakuchukua kwa sababu waonjaji wanaandika kama mimi nilivyoandika juu ya mvua ya mawe."

Akachukua mkoba wake.

Laini ya simu ya Kimulot ilipitia kwa dada mmoja wa kituo cha simu, aliyeunganisha watu kwa mkono. Modemu ilipopiga kelele mara ya kwanza, alikata akapiga kwetu akiwa na wasiwasi. "Madam, kuna mtoto analia kwa laini yenu." Tukamweleza. Kesho yake akawa mvumilivu kidogo, lakini kila baada ya muda alifungua laini kuuliza, kama alivyouliza kila mtu, "Bado mnaongea?" Na kwa sauti yake hiyo ya upole kila kitu kilikatika. Mwishowe nilikwenda kumwona. Alinivalisha vipokea sauti vyake, tukasikiliza pamoja zile mbinja na mikwaruzo.

"Zinafanya nini hizi?"

"Zinasalimiana kwanza, ndiyo zianze kazi."

"Basi ni za hapa Kimulot," akasema. "Salamu haziishi." Tangu siku hiyo hakutukata tena, na nina hakika hakuna mhandisi wa London aliyeandika hatua hiyo kwenye Mpango Mkuu.

Wiki za kwanza tulibadilisha vitu vingi vidogo. Maoni ya mwonjaji yalikuja kwa Kiingereza cha kazi yake, na watu wa zamu hawakuyaelewa. Bi. Wanjiru akayageuza kuwa Kiswahili kifupi chenye amri ndani: chai ya juzi jioni imechachuka kupita kiasi, punguzeni muda. Tukayaandika ubaoni kwenye lango. Ijumaa tukagundua kwamba ubao wa langoni husomwa na watu wanaokwenda nyumbani. Tukauhamishia kantini, karibu na birika kubwa, mahali ambapo mtu husimama bila la kufanya akingojea chai. Bwana Whitlock aliuliza kwa barua pepe tumefikia wapi. Nikamjibu kwamba tumehamisha ubao. Hakuuliza tena kwa muda.

Koech, ambaye mwanzoni aliiita mashine ile mgeni wa kulishwa umeme, alianza kuingia ofisini kabla hajavua koti la mvua. "Wamesema nini leo?" Kunyausha majani kukawa bora, kuyachachua baada ya kusagwa kukawa bora. Mwonjaji akaandika kwamba chai ya Kimulot inaanza kung'aa kikombeni. Moshi tu ndio ulibaki. Ulikuja siku moja, ukapotea, ukarudi, na msimu wa mvua ulikuwa unakwenda.

Zamani ungesoma neno moshi kwenye maoni ukakunja karatasi. Sasa ningeweza kumuuliza aliyeliandika kabla ladha haijatoka ulimini mwake. Nikamwandikia: ni moshi wa namna gani?

Jibu lilirudi kabla ya chakula cha mchana. Si moshi wa mafuta, aliandika, wala wa bomba lililotoboka. Ni mtamu kidogo, kama kijiti kilichochomwa kwa makusudi. Uko kwenye chai ya juzi asubuhi. Ya juzi jioni ni safi.

Koech alitoa kabatini akiba ya chai hiyo ya juzi asubuhi, akaitengeneza kwenye bakuli jeupe. Akaonja kwa mvuto ule wa kelele wa waonjaji. Akanipa.

"Sioni kitu," akasema.

"Hata mimi."

"Ni chai tu. Inanukia kama ya nyum..."

Tukatazamana.

Kwa msomaji asiye wa kwetu, nieleze. Sisi maziwa tunayagandisha kwenye kibuyu, sotet, na kabla ya kuyamimina tunakisugua kibuyu ndani kwa kaa la mti uitwao senetwet. Ndipo yanapokuwa mursik. Harufu ya kaa hilo iko puani mwetu tangu kabla hatujaota meno. Mwonjaji wa Mombasa aliiita kasoro. Mimi na Koech tungeionja mwaka mzima tusiione, kwa sababu kwetu sisi haikuwa kitu kilichoongezwa. Ilikuwa harufu ya dunia ikiwa sawa.

Tukatoka kwenda upande wa jiko. Koech aliuliza nani alikuwa zamu juzi asubuhi, na hakuna aliyelazimika kufikiri. Juzi bado ilikuwa na joto. Ilikuwa zamu ya arap Too.

Arap Too alikuwa mzee wa kuchochea jiko, mtu wa kicheko kifupi, mikono yake myeusi hadi kwenye viwiko. Hakuficha kitu. Alituzungusha nyuma ya jiko, mahali pakavu, mbele ya mdomo wa ile feni kubwa inayovuta hewa kupeleka kwenye chai. Vibuyu vilipangwa hapo kwa safu, vya shanga na vya kawaida, kama watoto wanaongojea chanjo.

"Mvua hii, kuni za nyumbani zimelowa," akaeleza. "Wamama wanapoleta majani asubuhi wanaleta na kibuyu. Mimi nachoma senetwet kwa makaa ya hapa, nawasugulia, wakitoka wanachukua. Ni kusaidiana tu."

"Na moshi, mzee?" nikauliza.

"Moshi hausumbui. Feni inauondoa. Macho hayaumi hata."

"Inaupeleka wapi?"

Akafuata bomba kwa macho, kutoka kwenye feni, juu ya ukuta, hadi lilipoingilia ndani.

"Kwa chai," akasema polepole.

Koech alipandwa na hasira. "Mzee, watu wa ng'ambo wanataka kutufungia kiwanda kwa sababu ya hivi vibuyu."

"Pole, meneja," arap Too akasema. "Hicho cha shanga nyekundu ni cha mama yako."

Siku ile Koech alivipiga marufuku vibuyu. Chai ikawa safi, na sisi tukatabasamu kama watu waliomaliza kazi. Ijumaa iliyofuata moshi ulikuwa umerudi, hafifu. Wamama walikuwa wamehamia chini ya mapaa ya upande wa pili, wakiomba makaa kwa siri, na upepo wa huko uliuzungusha moshi ukaurudisha kwenye feni. Kwa njia ya zamani tungelijua hilo baada ya msimu kwisha.

Koech alitaka mabawabu wapekue vikapu langoni. Bi. Wanjiru, aliyekuwa akifuta ubao, aliuliza bila kugeuka: "Ukimkataza mama yako asilete kibuyu, atafanya nini?"

"Ataleta."

"Atakileta wapi?"

"Ndani ya kikapu. Chini ya majani."

"Basi utakuwa na masizi ndani ya majani, badala ya moshi."

Tukamwita arap Too na wamama wawili tukae nao. Walijua upepo wa pale kuliko sisi. Wakatuonyesha mahali pa chini, kuelekea mtoni, ambapo moshi hushuka na maji wala haupandi. Tukasimamisha fito na karatasi ya plastiki, na arap Too akawa anapeleka makaa huko kwa toroli kila asubuhi. Tulijaribu wiki moja tuone. Mwonjaji aliandika: safi. Kesho yake: safi. Bi. Wanjiru aliandika neno hilo ubaoni kwa herufi kubwa hata asiyejua kusoma akajua kuna jambo.

Wakati huo Bwana Whitlock alikuja. Aliomba kuonyeshwa mfumo. Kompyuta ilikuwa imezimwa, umeme umekatika, tumeifunika blanketi. Nikampeleka kantini kwenye ubao, kisha kwenye jiko, kisha chini mtoni, ambapo wamama walimsalimu, wakampa mursik kwenye kikombe cha bati. Alikunywa yote, kwa ujasiri.

"Kwa hiyo mfumo ni kompyuta, basi la jioni, ubao na hapa," akasema.

"Na Ijumaa," nikasema.

Akaniuliza kama Malawi wangeweza kufanya hivyo. Nikamwambia si lazima waanze na moshi. Waanze na kile kinachowanyima usingizi, wakianze kwa udogo, na awape ruhusa ya kubadilisha mawazo yao kila wiki bila kuomba London. Aliandika hilo. Baadaye nilisikia kwamba Mpango Mkuu ulikatwa vipande, na kila nchi ikapewa kipande ichague pa kuanzia. Bi. Wanjiru ndiye aliyewafundisha makarani wa viwanda vyetu vingine. Chumba cha teleksi alikifunga mwenyewe, akanipa ufunguo bila hotuba.

Lakini Bwana Whitlock aliondoka bila kusema neno juu ya kufungwa kwa kiwanda. Mnunuzi alikuwa bado hajaamua, na yeye hakuwa mtu wa kuahidi. Siku chache baadaye upepo ulichana ile plastiki, mvua ikazima makaa, na mama mmoja akaonekana akitazama tena upande wa feni. Tulihitaji mabati, nguzo na sakafu. Nikaandika ombi kwa makao makuu. Njia pekee iliyokuwa wazi kwangu ilikuwa ya idara ya kompyuta, basi nikaliweka humo.

Bwana Whitlock akajibu akitaka kujua kwa nini idara ya kompyuta inahitaji mabati.

Nilianza kuandika maelezo marefu juu ya mila, upepo na mto. Nikayafuta. Nikaandika kwamba bila banda moshi utarudi, na kompyuta itatuambia umerudi, na hatutakuwa na la kufanya.

Tukangoja. Mvua zilianza kupungua, asubuhi zikawa na jua jembamba juu ya chai. Koech aliacha kuuliza wamesema nini. Alipita mbele ya ofisi yangu ya Kimulot bila kuingia, kama mtu anayepita hospitali ambayo ana ndugu ndani.

Jibu lilifika nikiwa nimerudi Kericho. Lilikuwa fupi hata Bi. Wanjiru angelisifu. Nikampigia Koech.

"Wamekubali banda," nikamwambia.

"Na kiwanda? Amesema nini juu ya kiwanda?"

"Hajasema kitu juu ya kiwanda. Amesema hivi: mnunuzi ameridhika na chai, na banda lisiwe la fito. Lijengwe kwa mawe, la kudumu."

Nyuma yake nilisikia mashine za kusaga zikinguruma.

"La kudumu," akasema.

"Ndivyo alivyoandika."

"Hakuna mtu anajenga kwa mawe mahali anafunga."

Nilitaka kumjibu, lakini alikuwa ameshaweka simu bila kuniaga, akaenda kumtafuta mwashi.